Jiwe Juu ya Sanduku la Betri

Mama yangu hakuniuliza natafuta nini. Siku ile nilipoteremsha nguzo za kwanza kutoka kwenye guta mbele ya nyumba yake, swali lake lilikuwa moja tu: kama nguzo hizo zitafukiwa ardhini. Nikamwambia ndiyo, kidogo tu, kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Akasema, "Basi watu wataziona," akaingia jikoni. Nilidhani anazungumzia wezi. Nikamjibu kwa sauti, ili anisikie huko ndani, kwamba nimekuja na minyororo na makufuli.

Kwetu ni Nyambureti, wilaya ya Serengeti, upande ambao mashamba ya mihogo na mtama yanapanda mteremko mpaka mawe yanapoyazuia. Ng'ambo ya bonde kuna mlima mmoja mrefu wa mwamba usio na mtu. Mlima huo ndio ulionirudisha nyumbani. Nilikuwa nimesoma fizikia chuo kikuu, digrii ya kwanza na ya pili, na sasa nilikuwa nafanya utafiti wa kunasa nyutrino zinazotoka angani. Nyutrino ni chembe. Ni ndogo kupita kiasi, haina chaji ya umeme, na inapita katika kila kitu kana kwamba hakipo: ukuta, ng'ombe, mlima, dunia nzima. Zinazotoka juani zinatupita usiku na mchana kwa wingi usiosemeka na hakuna anayezihisi. Nilizozitaka mimi ni zile adimu zenye nguvu kubwa, zilizozaliwa mbali sana, huko ambako nyota hulipuka na vitu vizito humezana. Mara chache mno moja ya hizo huingia mlimani kwa nyuma, ikajikwaa kwenye mwamba karibu na uso wa upande wetu, na kinachochomoka hewani huacha mpigo mmoja wa redio, mfupi ajabu. Ukiwa na antena zinazoutazama mlima, mahali pasipo na kelele nyingi za redio, unaweza kuusikia.

Niliwahi kulieleza jambo hili hivihivi mbele ya watu wa kitongoji chetu, na nawashauri wasomi wenzangu wasijaribu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa rika moja na marehemu baba yangu, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Nilimwamkia shikamoo, akanipa nafasi. Nilipomaliza, maswali yakaja. Kitu hicho kinaonekana? Hakionekani. Kina uzito? Kidogo mno, karibu na hakuna. Kinauzwa wapi? Hakiuzwi. Umeshakikamata? Bado. Kuna mtu mwingine yeyote aliyeshakikamata kwa nguzo kama hizi, mlimani? Bado. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, kwa upole wa kweli, kama kule chuoni walikuwa wananipa chakula cha kutosha.

Watu wa kwetu si wajinga. Wana kumbukumbu. Nikiwa shule ya msingi walipita vijana wenye vizibao vya rangi wakichomeka vigingi mashambani, wakasema ni vya kupimia tu, msiogope. Mvua mbili baadaye tukaambiwa kwamba upande wa kule wa vigingi si wa kulima tena wala kuchunga. Na Tarime kila mtu ana shemeji au binamu aliyeshuhudia shamba likigeuka shimo, kwa sababu mtu mmoja mpole alikuja na begi akaomba kuokota mawe machache. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimewasimamishia nguzo tisa mteremkoni, kila moja na waya zake. Uvumi ukagawanyika katika makundi mawili. Kundi moja lilisema naweka mpaka mpya. Kundi la pili, ambalo lilikuwa kubwa zaidi, lilisema natafuta dhahabu, na kwamba nguzo zinapiga picha ya tumbo la mlima.

Lakini nisijifanye kondoo. Katika kitongoji chote hapakuwa na mtu wa kushuku kama mimi. Kushuku ndiyo kazi niliyosomea. Kwa nguzo chache zile, msimamizi wangu wa chuoni aliniambia mapema, tusitegemee kunasa kitu. Kazi yangu ilikuwa kujua kama mahali petu pana utulivu wa kutosha ili siku moja ziletwe nguzo nyingi. Kwa hiyo kila mpigo ulioingia kwenye antena nilikuwa nauona ni mwongo mpaka uthibitishe vinginevyo, na karibu wote walikuwa waongo kweli. Plagi ya bodaboda inayopanda kutoka Mugumu hupiga. Radi iliyo mbali ziwani hupiga. Ndege ndogo za watalii, waya za umeme za kuzuia tembo, chaja za sola za bei poa, zote hupiga. Basi nikawa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba mchana, nikisalimia vizuri, kisha nikiomba kuonyeshwa chaja. Jirani wa mama, mwanamke aliyeolewa mwaka mmoja naye, wakafunzana kupika kwa wakwe, alikuwa na chaja kutoka Sirari iliyokuwa ikinguruma kama nyuki. Nilimwomba aizime alasiri kwa siku chache. Akaizima, maskini, bila neno. Kisha akawaambia wenzake kisimani kwamba mtoto wa fulani anawazimia watu umeme ili wasione anachokifanya.

Nikawashuku na wao. Klempu moja ililegea, nikajua imelegezwa. Nguzo moja iliinama baada ya upepo, nikatafuta nyayo chini yake. Nilimfunga mbwa wa nyumbani karibu na sanduku la betri, katikati ya nguzo, naye akafanya kazi yake sawasawa: alimbwekea kila kiumbe wa Mungu isipokuwa mama na mimi. Hata Mugumu, kwa fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea miguu ya nguzo, sikupata pumziko. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Tanga, mtu safi wa kanzu nyeupe anayevua kofia anapovaa miwani ya kuchomelea. Nilipomrudishia miguu miwili iliyopinda, aliifanyia kazi kimya, kisha akaniuliza kama nina hakika ni nani anayenituma. Nikamwambia chuo. Akasema, "Binti yangu, mtu anaweza kutumwa na asijue ametumwa." Niliudhika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namjibu kichwani, na majibu yote yalikuwa mazuri ila hakuna hata moja lililokaa.

Aliyelipia shuku hiyo hakuwa mimi. Alikuwa mama. Kwenye mashine ya kusaga debe lake lilianza kurukwa foleni, si kwa matusi, kwa kusahauliwa tu. Ilipofika zamu yake ya kupaliliwa, maana kwetu wanawake hupalilia kwa kuitana, leo kwako kesho kwangu, alipika uji wa mtama mapema, akaupanga vikombe kwenye sinia, akakaa. Jua likapanda. Hakuja mtu. Tulipalilia sisi wawili, yeye mbele mimi nyuma, na alipochoka alikaa kwenye tuta akanywa vikombe viwili vya uji, akasema umekolea chumvi. Uji ule haukuwa na chumvi kabisa. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba tena, safari hii si kwa ajili ya chaja.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja. Alikataa kiti. Kwetu mgeni akikataa kiti ujue hakuja kwa heri. Alisema ritongo litakaa mwezi unaofuata. Ritongo ndio mkutano wetu mkubwa wa jadi, na uamuzi wake hupita mbali kuliko karatasi yoyote. Watu wasiporidhika, nguzo zitang'olewa, na nyumba hii itatengwa. Nadhani aliona sura yangu, kwa sababu aliamua kueleza kama anavyomweleza mgeni. Aliyetengwa haazimwi moto. Hasalimiwi njiani. Akiugua hatembelewi, akifa haji mtu kushika jembe. "Na mama yako hakuzaliwa hapa," akaongeza, kana kwamba sikujua. Mama aliolewa akitokea Ringwani, na kule kwao amebaki kaka mmoja mwenye nyumba ya vyumba viwili na watoto tele. Hana pa kurudi. Kila alichonacho kiko katika mteremko ule, pamoja na kaburi la baba.

Alipoondoka nikamwambia mama nitazing'oa kesho. Nilimaanisha. Alikuwa anapeta mtama na hakuacha kupeta. Alisema nikizing'oa sasa watu watasema nimeshapata nilichotaka, na nyumba itatengwa vilevile. Kisha akaniuliza kama ninayo kazi nyingine yoyote huku, mbali na ile niliyoisema. Nikasema sina. Akasema haya. Lile haya halikunipendeza.

Katika siku hizohizo, asubuhi moja, nilipanda kwenye sanduku la betri kama kawaida nikakuta jiwe kando yake, njiani pangu hasa, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Mbwa alikuwa amelala. Bawaba ya sanduku ilikuwa imekatika na upepo ulikuwa unaucheza mfuniko wiki nzima. Nikaliinua lile jiwe, nikahisi ni zito kuliko ukubwa wake, nikafurahi, nikaliweka juu ya mfuniko. Ndiyo fizikia yote niliyoifanya juu yake.

Halafu ukaja mpigo.

Data zangu hazikuwa zinasomwa palepale. Zilikwenda chuoni kwa mtandao wa simu, zikachujwa na kompyuta kubwa, kisha nikarudishiwa nizisome kwenye laptopu yangu nikiwa nimekaa mlangoni kwa mama. Alasiri ile nilikuwa napitia kelele za siku nyingi zilizopita, bodaboda, radi, bodaboda, nikaona kitu ambacho hakikuwa na sura ya bodaboda wala radi. Kilikuwa kifupi na kikali. Kilizigonga nguzo zote tisa kwa kufuatana vile kinavyopaswa kuzigonga kitu kilichotoka kwenye uso wa mlima, si juu yake, si pembeni, kwenye uso wenyewe, mahali ambapo hakuna njia wala nyumba wala mbuzi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikamwambia mama, "Nadhani nimekipata." Akauliza, "Unadhani?" Akarudi kwenye kuni zake, lakini nilimwona akinitazama kwa pembeni kama mtu anayesubiri kuona utaficha nini kwa mkono wa kushoto.

Furaha ile haikumaliza hata ugali wa jioni. Nikaanza kuushambulia ule mpigo. Niliuliza kila bodaboda wa njia ile alikuwa wapi. Nikapanda mlima wenyewe, siku nzima kwa miguu, nikatafuta waya, betri, mchungaji mwenye redio, chochote. Hapakuwa na kitu ila mawe na pimbi. Kila niliposhindwa kuuua ulizidi kuwa mzuri, na kila ulipozidi kuwa mzuri nilizidi kuuchukia. Kitu kizuri namna ile, kwa nguzo chache namna ile, kwa msichana wa Nyambureti? Ndipo maneno ya fundi wa Mugumu yakanirudia, na nikakumbuka desturi moja ya watu wa kazi yangu.

Sisi tunaotafuta vitu adimu tuna tabia ambayo wengine wataiona ni ukatili. Wakubwa wa utafiti huweza, kwa siri, kupenyeza mpigo wa bandia ndani ya data, uliotengenezwa ufanane na ule wa kweli kama pacha. Mtafiti haambiwi. Wanataka kuona kama atauona, na akiuona, kama atajizuia au atakimbilia kutangaza. Kila mmoja wetu anajua jambo hilo linaweza kufanyika, kama vile kila mtu anavyojua atakufa, na hakuna anayefikiri ni leo.

Nilipanda mpaka pale karibu na barabara ambapo simu inashika vizuri, nikampigia msimamizi wangu. Nikamwamkia. Nikamweleza kila kitu, na mwisho nikamwambia, "Prof, huu ni wa kweli, au ni mkono wenu?" Nilisikia feni ikizunguka ofisini kwake. Akasema tu niandike ninachokiona, nisiandike ninachokitaka, na kwamba atanijibu wakubwa wenzake wakikubali. Mtu niliyemheshimu kama mzazi, aliyenipigania nipate nafasi ile, na siku zile zote nikiikumbuka sauti yake nilisikia kwanza ile feni.

Jibu lilikuja asubuhi ya ritongo lenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la betri, mgongo umeegemea lile jiwe. Alisema, "Ule mpigo ni wetu." Alisema pia nimefanya vizuri sana, kwamba ripoti yangu ya shaka ndiyo waliyoitaka, kwamba kwa sababu hiyo data zangu nyingine zote sasa zitaaminiwa. Nilisikia na kuelewa, nikamshukuru, nikakata simu, nikalia kwa hasira mpaka mbwa akaja kunilamba mkono. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeupenda ule mpigo. Halafu nikanawa uso, nikajifunga kitenge, tukateremka mimi na mama kwenda kuhukumiwa.

Ritongo lilikaa kwenye uwanja ulio karibu na josho la ng'ombe. Wanaume walikaa kwenye nyasi kwa rika zao, wanawake upande wa pili, na mama akakaa upande wa wanawake, ila nyasi za kulia na kushoto kwake zilibaki wazi. Niliziona nyasi zile kuliko nilivyoona kitu kingine chochote siku hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nyutrino upya, safari hii kwa mfano wa sindano na gunia. Mwenyekiti hakunipa nafasi.

"Hatukuulizi tena unatafuta nini," alisema. "Tunakuuliza umeokota nini."

Nikasema sijaokota kitu. Uwanja ukaguna. Mwenyekiti akainua mkono. "Hujaokota jiwe?"

Nilisimama pale nikitafuta kichwani. Mawe niliyookota maishani mwangu ni mengi. Kisha nikakumbuka mfuniko, nikasema ndiyo, liko moja, liko juu ya sanduku la betri, upepo ulikuwa unasumbua. Nilisema hivyo kama unavyomwambia mtu ufagio uko nyuma ya mlango. Wazee wakatazamana. Mwenyekiti akasimama, akajikung'uta suruali, akasema tukalione, na uwanja mzima ukasimama naye.

Sijawahi kuona msafara kama ule ukipanda kwa mama tangu msiba wa baba. Mbwa alibweka mpaka akachoka akakaa chini. Jiwe lilikuwa palepale. Ndege walikuwa wamelinyea, kinyesi kimekaukia upande mmoja. Mwanaume mmoja aliyefanya kazi kwenye mashimo ya Tarime miaka mingi akalichukua, akalitemea mate, akalisugua kwa shati lake, akaliinamisha juani. Ndani ya weupe wake kulikuwa na vidoadoa vya njano. Nikaviona kwa mara ya kwanza.

"Mura, ni lenyewe," alimwambia kijana aliyekuwa karibu naye. "Hata kuliosha hajaliosha."

Basi nikaelewa. Walikuwa wameniwekea jiwe lenye dhahabu njiani pangu, wakakaa kunitazama mwezi mzima. Kama natafuta dhahabu ningelijua. Kama ningelijua ningelificha, au ningelibeba kwenda nalo Mugumu, au angalau ningelivunja. Mimi nilikuwa nimeliegemea. Vijana kwa nyuma wakaanza kucheka, na kicheko kile ndicho kilichoniwasha. Nikamgeukia mwenyekiti, mtu wa rika la baba yangu, nikamwambia bila shikamoo wala samahani, "Mliniwekea mtego."

"Tulikuwekea," alisema. Hakuona haya hata kidogo.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Lakini nilipoufungua yakatoka mengine, kwa sababu simu ya asubuhi ilikuwa bado inanichoma. Nikawaambia kwamba wao ni wa pili. Nikawaeleza habari ya mpigo: kwamba nilikuwa nimeuona, nikaushuku, nikapanda mlima kuutafutia uongo wake, na leo hii walimu wangu wameniambia waliutengeneza wao ili wanitazame. Nilieleza kwa hasira, bila mfano wa sindano wala gunia, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani watu walinielewa. Niliona vichwa vikiitikia.

"Kwa hiyo hata hao hawakukuamini," mwenyekiti alisema.

"Hawakuniamini."

"Na utaendelea kuwafanyia kazi."

Nikasema nitaendelea. Akatikisa kichwa taratibu, akalitazama jiwe, akawatazama wazee wenzake. Uamuzi ulipitishwa palepale mteremkoni, watu wamesimama. Nguzo zitabaki mpaka mavuno yajayo, kisha zitazungumzwa tena. Nyumba ya mama haitengwi. Jirani yetu wa chaja hakuridhika. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtu aliyesoma namna hii huenda aliujua mtego tangu mwanzo akaupita kwa makusudi. Mwenyekiti alimjibu kwamba kama ni hivyo basi hakuna atakayejua kamwe, na jua linapanda, watu wakalime. Nilimheshimu yule jirani kwa shaka yake. Mimi ningeshuku vilevile.

Mwenye jiwe, yule wa mashimo ya Tarime, akaondoka na jiwe lake, amelifunga ndani ya shati.

Ilikuwa mchana, tumebaki mimi na mama jikoni, anasonga ugali wa mtama, ndipo kitu kilichokuwa kinanikera kikapata sura. Ni mbwa. Asubuhi ile nilipolikuta jiwe mbwa alikuwa amelala, wala kabla ya hapo sikuwa nimemsikia akibweka. Mwenyekiti akipanda pale mbwa husikika mpaka kwa jirani. Yule wa mashimo ya Tarime alikuwa ameraruliwa suruali na mbwa huyohuyo. Watu wasiobwekewa ni wawili, na mmoja ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliisikia methali ile kichwani kwa sauti ya baba yangu, na nikatamani sana niwe nimekosea.

"Mama," nikasema, "jiwe liliwekwa na nani?"

Hakugeuka. "Ni mimi."

Alisema walimletea usiku wakiwa wamelifunga kwenye kitambaa, na kwamba alilipeleka alfajiri nilipokuwa nakamua ng'ombe. Alisema kama angekataa wangelipeleka wengine. Nilimsikiliza. Lilikuwa jibu zuri, na nilikuwa na haki ya kulipokea likaisha hapo. Lakini mimi siwezi kuacha kitu kizuri kipite bila kukigonga. Nikamuuliza alipolibeba kupanda nalo mteremko, alikuwa anajua kwamba sitalichukua, au alikuwa anataka kujua.

Mwiko ulizunguka mara nyingi. Mvuke ulikuwa umemfunika uso.

"Ningekuwa najua," alisema, "ningelibeba la nini?"

Iliniuma. Nasema wazi kwamba iliniuma kuliko ya msimamizi, kuliko ya ritongo zima. Yeye alinizaa, alinilipia shule kwa mtama, alikaa mwezi mzima akinipikia huku akinitazama mikono. Nilitoka nje nikakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nikafikiria yale maneno ya simu ya asubuhi, kwamba sasa data zangu zote zitaaminiwa. Nikafikiria zile nyasi tupu kushoto na kulia kwake, na kwamba alikwenda kuketi katikati yake akijua vizuri kuliko wote nini kiko juu ya sanduku la betri, kwa kuwa bila shaka kila siku ya mwezi ule alikuwa akipanda kuangalia, na kila siku alilikuta. Hakuniambia. Aliacha jibu lije lenyewe mbele ya watu. Mtafiti mzuri ndivyo afanyavyo, na nilimchukia kwa hilo karibu kwa muda wa kuiva kwa mboga.

Aliniita nikaingia nikala. Ugali ulikuwa mgumu kama anavyojua ninavyoupenda.

Siku iliyofuata upepo ukaamka tena na mfuniko ukaanza kupigapiga. Nilikuwa kwenye nguzo ya mwisho nikikaza klempu nilipomwona mama anapanda mteremko, mchana kweupe, amekumbatia kitu kifuani. Lilikuwa jiwe lake la zamani la kusagia, lile dogo la juu, ambalo halikuwa limetumika tangu mashine ije. Aliliweka juu ya mfuniko mwenyewe, akalisogeza kidogo likae katikati, akampapasa mbwa, akaanza kushuka.

Nilisubiri afike mbali. Kisha nikaenda nikaliinua, nikaligeuza, nikalitazama chini yake juani, pande zote. Lilikuwa jiwe tu. Nilipoinua macho nikamkuta mama amesimama njiani, amegeuka ananitazama. Sikulificha. Nikalirudisha palepale alipokuwa ameliweka.